Kamera Mpya kwa Picha Nyeusi na Nyeupe: Anza na Negativu Zako

Anayepanga kununua kamera bora zaidi ya filamu nyeusi na nyeupe aanze kwa kuzikagua negativu zake mwenyewe (filamu zilizosafishwa, ambamo giza huonekana angavu na mwanga huonekana mweusi), akiziinua dhidi ya mwanga wa dirisha. Ikiwa sehemu za vivuli ni angavu kama kioo kitupu, filamu ilikosa mwanga, na kasoro hiyo haitibiwi na kamera ya bei kubwa. Pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, jambo hili huonekana haraka: kipima mwanga huchukulia kila kitu kuwa cha kijivu cha wastani, kwa hiyo ukikielekeza kwenye dagaa wanaong'aa juani kitakuambia upunguze mwanga, na mama anayewageuza atatoka kama kivuli kisicho na uso. Pima mwanga usoni pake, au kwenye kiganja chako kisha uongeze hatua moja (yaani mwanga mara mbili) kama ngozi yako ni ya wastani.

Ikiwa tatizo kweli ni kamera, tazama kwanza kasi ya shata, pazia linaloruhusu mwanga kufika kwenye filamu. Kwa filamu ya ISO 400 (kipimo cha wepesi wake wa kunasa mwanga), jua la saa saba mchana huhitaji takriban f/16 kwa 1/500: f ni ukubwa wa tundu la lenzi, na namba ikipungua tundu hupanuka; 1/500 ni sehemu ya sekunde ambayo shata hubaki wazi. Pentax K1000, iliyotengenezwa tangu 1976 hadi 1997, huishia 1/1000, hivyo huwezi kufungua tundu la lenzi zaidi ya f/11, na mitumbwi ya nyuma itaonekana wazi sawa na mvuvi uliyemkusudia. Nikon FM2 ya mwaka 1982 hufika 1/4000, nawe unaweza kushuka hadi f/5.6. Zote mbili hupiga picha hata betri ikiisha, kwa kuwa betri huendesha kipima mwanga tu. Mimi ningechagua FM2, ingawa mwenye K1000 nzima anaweza kununua kichujio cha njano, kinachokula hatua moja ya mwanga, hivyo kumruhusu afungue tundu zaidi, na kulitia anga la ziwa weusi kidogo ili mawingu yajitokeze.

Kamera za filamu ya 120, iliyo pana kuliko ile ya kawaida ya milimita 35, kama Yashica Mat 124G, zina mvuto wake: fremu yake ya milimita 56 kwa 56 ina eneo zaidi ya mara tatu na nusu ya ile ya milimita 24 kwa 36, kwa hiyo chembe za filamu huonekana ndogo picha ikikuzwa. Lakini rolo moja hutoa picha 12 tu, kioo chake cha juu, unachokitazama ukiinama ili kulenga, hugeuza kushoto kuwa kulia, na kufuatilia watu wanaoshuka kwenye kivuko cha Kamanga kwa kioo hicho ni kazi ya kuchosha. Inafaa zaidi Jiwe la Bismarck, lile mwamba maarufu ziwani Mwanza, ambalo halikimbii.

Kamera iliyotumika ifungue mgongo, weka shata kwenye B na ushikilie kitufe ili ibaki wazi, fungua tundu lote, kisha mulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka upande mmoja huku ukitazama kutoka upande wa pili. Nyuzi nyembamba mfano wa utando wa buibui ni kuvu. Lenzi yangu moja ilipata kuvu masika moja tu, kwa sababu niliiacha ndani ya mfuko wa ngozi uliokwishanyonya unyevu. Gusa pia sponji za kuzuia mwanga kwenye mlango. Zikinata kidoleni kama lami, zitahitaji kubadilishwa. Mwombe muuzaji muda wa kupiga na kusafisha rolo moja kabla hujalipa.