Rudi hatua mbili ndani ya mlango
Ukiwa ndani ya nyumba Mji Mkongwe, Zanzibar, ukampiga picha mtu aliye nje kupitia mlango, usisimame kizingitini. Rudi hatua mbili tatu ndani, mpaka miimo ya mlango ionekane pande zote mbili (nakshi ziko upande wa nje, hupotezi kitu). Kwenye kioo cha simu gusa uso wa mtu huyo, ushushe mwanga wa picha kidogo. Simu itapima mwanga wa nje, mlango utageuka fremu nyeusi, na jicho halina pa kwenda ila kwake. Kichwa chake kisiguse ukingo wa juu wa mlango. Acha upenyo hata wa kidole. Ndani kukiwa na taa inayowaka au ukuta mweupe, mbinu hugoma: fremu inashindana na mtu. Na aliyevaa buibui jeusi kivulini humezwa na giza. Mwombe asogee juani.