Jinsi ya kuongea na washkaji kijiweni kuhusu serikali kushika kila kitu

Kwanza usianze na neno ukomunisti. Mi nilianza nalo siku moja pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, nikaingia na Stalin, mtawala wa Umoja wa Kisovyeti, na njaa ya Ukraine ya 1932 na 1933, mamilioni wamekufa huku nafaka yao inabebwa na serikali, jamaa mmoja anayepima dagaa akaniuliza "sasa hiyo inashusha bei ya gunia?" watu wakaangua kicheko, nikamaliza kahawa yangu nikasepa.

Anza na mizani. Kanda ya ziwa nani haijui mizani? Waambie wakulima wa pamba walichoka kupunjwa na wanunuzi, wakaunda vyama vyao wenyewe, 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation, muungano wa ushirika wa pamba, hapahapa Mwanza, hawakusubiri bwana shauri, yule ofisa wa mkoloni, awaletee. Halafu uliza nani aliua ule ushirika. Wengi watasema wizi, na kweli wizi ulikuwepo, usibishe hapo maana ukibisha umekwisha. Ila 1976 serikali ilifuta vyama vya ushirika nchi nzima, pamba ikaenda kwa mamlaka ya serikali, mkulima akabaki na mnunuzi mmoja, akikukopa msimu mzima utamshtaki kwa nani wakati mwenye mizani na mwenye polisi ni yuleyule? Sheria ya kuvirudisha ilikuja 1982.

Usimwite Nyerere mkomunisti, hakuwa, na utawapoteza wote dakika hiyohiyo. Sema tu 1973 kuhamia vijijini kulikuwa amri sio hiari tena, inatosha.

Kama kuna mzee, mwachie yeye. Wa kwetu alieleza duka la kaya, lile la mgao, mche wa sabuni unakatwa kwa uzi, akatuonyesha kidoleni kipande cha familia nzima kilivyokuwa, na huyo mpima dagaa aliyenicheka akawa ndo wa kwanza kuuliza "sasa mlikubalije mzee?" Mzee akasema tulidhani halituhusu.

Hapo usihutubie, taja tarehe ya mkutano wa mtaa. Nendeni wanne watano, muombe mapato na matumizi yasomwe, michango ya darasa imefika wapi, ukienda peke yako utaitwa mpinzani kabla hujakaa. Na mbebe stuli, kwetu viti huwa vinaisha kwa wajumbe.