Somo: Kuhamishia okidi kwenye chungu kipya (udongo uacheni bustanini)

Naandika mara moja, baada ya hapa nitakuwa nabandika kiungo tu. Kila anayeniletea picha ya okidi iliyonyong'onyea, nikimuuliza kaipanda kwenye nini, ni "udongo mzuri wa mbolea". Hizi zinazouzwa sana madukani ni Phalaenopsis. Kwao huota juu ya miti, mizizi ikiwa hewani. Ukiifukia kwenye udongo, umeiziba pumzi.

Hamisha maua yakishapukutika, kila mwaka mmoja au miwili, makumbi ya nazi ya zamani (ndiyo tunayopandia badala ya udongo) yakianza kuoza.

1. Lowesha chungu kizima dakika kumi hivi, mizizi ilainike.

2. Itoe. Lile donge linaloshika maji katikati ya mizizi, toa lote.

3. Kata mizizi iliyooza: ukiibonyeza ni laini, tupu ndani. Iliyo ngumu iache. Mkasi upitishe motoni kila unapohamia mmea mwingine. Virusi vya okidi havina dawa.

4. Makumbi ya nazi. Hapa ndipo nilipoua mimea, kwa hiyo someni taratibu. Kumbi lina chumvi yake ya asili, nayo huunguza ncha za mizizi. Katakata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, loweka, mwaga maji, loweka tena. Maji ya kwanza yatatoka rangi ya chai ya rangi; endelea kubadilisha kwa siku kadhaa mpaka yatoke meupe. Changanya na vipande vya mkaa wa kuni. USITUMIE makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba. Yale yamekaa kwenye maji ya bahari kwa miezi. Usitumie pia vumbi la makumbi peke yake, linagandamana na kushika maji.

5. Chungu kitoshe mizizi tu, kiwe na matundu. Cha plastiki angavu ndiyo bora.

6. Panda shina likiwa usawa wa makumbi. Mizizi ya hewani usiilazimishe kuingia.

7. Siku nne au tano usimwagilie, vidonda vikauke. Weka penye mwanga, si jua la mchana.

MASWALI

Kaka wa Mbezi: Mkuu, nikichanganya udongo mweusi na samadi je?
— Hapana. Rudi juu, aya ya kwanza.

Kaka wa Mbezi: Hata kidogo?
— Hata kijiko.

Mama Nuru: Shikamoo mwalimu. Mizizi yangu mingine ni ya fedha, mingine kijani. Ya fedha imekufa?
— Marahaba. Ni mizima kabisa, na umeangalia vizuri. Mzizi wa okidi umevikwa ngozi nene ya seli zilizokufa, kazi yake kunyonya maji. Ikikauka huonekana ya fedha. Ikilowa, ukijani wa ndani unaonekana. Ndiyo maana napenda chungu angavu: mingi ikiwa ya fedha, mwagilia.

Mpenda Kijani: Nimefuata kila kitu, imekufa. Somo lina kasoro.
— Makumbi umeyapata wapi?

Mpenda Kijani: Kwa kina mama wa kamba, Jambiani.
— Nimeandika kwa herufi kubwa.

Wanjiru wa Ruaka: Huku Nairobi makumbi ni shida.
— Magome ya msonobari yanafaa sana, na mkaa uleule. Huko kwenu baridi, yanachelewa kukauka, basi punguza maji.

Mama Nuru: Mimi vidonda nilipaka mdalasini wa unga.
— Sawa, pale ulipokata tu. Ukimwagia mizizi mizima unaikausha.

Mhaya Mtulivu: Nimesikia vanila nayo ni okidi. Kweli? Kwetu Bukoba tunayo shambani.
— Kweli kabisa, ila hiyo hutambaa: mizizi ya chini huingia kwenye matandazo, ya pembeni hushika mti. Usiifanyie somo hili. Nasikia mnachavusha kwa mkono, ua moja moja, kwa kuwa hufunguka siku moja tu. Mnatumia kijiti gani? Fungua uzi wake, nina maswali mengi.