Ombi la kuongeza vyumba, majirani wamepinga: jinsi ya kuliamua

Ukiwa mjumbe wa kamati inayotoa vibali vya ujenzi, anza na michoro, si barua za pingamizi. Ukianza na malalamiko, utaitazama michoro kwa macho ya mtu aliyekwisha kukasirika.

Shika rula uhakiki kipimo. Mchoro wa 1:100 uliotayarishwa kwa karatasi ya A3 ukichapwa kwenye A4 husinyaa: ukuta wa mita 4, ambao ulipaswa kuwa na milimita 40, utasoma milimita 28, nawe utajadili ukuta wa mita 2.8 ambao haupo. Mchoro usio na vipimo vilivyoandikwa wala mstari wa kipimo urudishwe kwa mwombaji. Angalia pia kama nyumba ya jirani imechorwa pamoja na madirisha yake. Michoro mingi huiacha nje, utadhani kiwanja cha pili ni kitupu.

Pingamizi zichambue kwa hoja, usihesabu vichwa. Barua 30 zenye maneno yaleyale ni hoja moja iliyotiwa saini mara 30, na barua moja yenye vipimo inaweza kuzishinda zote. Kwa kawaida vinavyopewa uzito ni mwangaza, faragha, jengo kumwelemea jirani, maegesho na maji ya mvua. Bei ya nyumba kushuka, vumbi la mafundi kwa miezi michache au tabia ya mwombaji huwekwa kando. Ugomvi wa mpaka nao ni wa wapima ardhi na mahakama. Kibali hakimruhusu mtu kujenga kwenye ardhi ya mwenzake. Liandike hilo kwenye barua ya uamuzi, maana wengi hudhani kinyume.

Halafu nenda ukaone, na usiishie uani kwa mwombaji. Ingia kwenye chumba chenyewe kinacholalamikiwa, simama dirishani na futikamba mkononi. Dirisha la sebule si sawa na la stoo. Usikague ukiongozana na upande mmoja unaokunong'oneza njia nzima, na usitoe maoni hapo. Ukitamka tu "hii haipiti" kabla ya kikao, umempa mwombaji sababu ya kukata rufaa.

Kwa mwangaza, kipimo cha nyuzi 45 husaidia sana pale nyongeza inapochomoza nyuma, kando ya dirisha la jirani. Tuseme inachomoza mita 4, na katikati ya dirisha ni mita 3 kando ya ukuta wa nyongeza. Kwenye ramani ya sakafu, mstari wa nyuzi 45 kutoka kona ya mbali ya nyongeza hurudi na kufika kwenye ukuta wa jirani mita 4 kando, kwa hiyo dirisha limo ndani ya mstari huo. Usikate tamaa bado. Rudia kwa kimo. Kama paa bapa lina mita 3 na katikati ya dirisha ni mita 1.5 kutoka chini, tofauti ni mita 1.5, na mstari unaoshuka kwa nyuzi 45 utaishia mita 1.5 kando. Dirisha liko mita 3, limesalimika. Ongeza ghorofa ya pili, kimo kiwe mita 6: tofauti inakuwa 4.5, dirisha limenaswa kwa ramani na kwa kimo. Hapo ndipo upungufu wa mwangaza unapotarajiwa kuonekana. Sakafu ni ileile, jibu ni jingine kabisa. Hata hivyo hiki ni kipimo cha kuchuja tu. Ukuta ulio mbele kabisa ya dirisha unahitaji hesabu yake.

Maji ya mvua husahaulika hadi yamwagike kwa jirani. Paa la mita za mraba 20 likipata milimita 50 za mvua hukusanya lita 1,000. Uliza mfereji utaning'inia upande gani wa mpaka, na maji yataishia wapi.

Kabla ya kukataa, jiulize kama kasoro inarekebishika. Kupunguza mita moja ya kina cha nyongeza, yaani inavyochomoza nyuma, au kuhamisha dirisha mara nyingi humaliza shauri. Mabadiliko yakiwa makubwa, majirani waarifiwe upya. Masharti yawe ya kukagulika: "mwombaji azingatie faragha" halishiki popote. Andika kwamba dirisha la bafu upande wa jirani liwe na kioo kisichoonesha ndani, lisifunguke chini ya mita 1.7 kutoka sakafuni, na libaki hivyo siku zote. Paa bapa nalo lipigwe marufuku kugeuzwa baraza; mlango wa kutokea juu ya paa ni dalili ya kutosha.

Mjumbe mwenye undugu, deni au ugomvi na upande wowote ajitangaze na atoke chumbani, si kukaa kimya pembeni.

Ukikataa, taja dirisha, umbali na madhara. "Majirani wamepinga" si sababu, na haidumu kwenye rufaa. Ukikubali, andika namba ya kila mchoro na tarehe ya toleo lake. Mwombaji aliyepunguza kina kwenye toleo la tatu anaweza kujenga la kwanza kihalali, ikiwa karani ameambatisha lile la kwanza.