Jinsi ya kufuatilia historia ya jumba la sinema la enzi ya filamu bubu

Anza na anwani, si jina. Katika miji midogo ya Marekani, majumba haya yalibadilishwa majina mara nyingi. Tafuta ramani za bima za Sanborn, yaani ramani za kampuni ya bima ya moto zinazoonyesha matumizi ya kila jengo, ulinganishe matoleo yanayofuatana: pale duka linapogeuka kuwa sinema, umepata kipindi cha ufunguzi. Ndani ya kipindi hicho soma matangazo ya magazeti. Mwaka uliochongwa ukutani huwapotosha wengi, kwani ni wa jengo tu.

Kagua chumba cha projekta. Kuta za mabati au asbesto zilizuia moto wa filamu za naitreti (plastiki ya zamani iliyowaka upesi), ambao maji hayauzimi kwa urahisi. Asbesto usiikwangue kabisa, vumbi lake hudhuru mapafu! Tangazo la kwanza la sinema yenye sauti, kwa kawaida kuanzia 1928, laonyesha enzi ya filamu bubu ilipokoma hapo.