Kabla hujapanda na kiti Kitulo

Kiti cha kukunja hununuliwa juu ya saruji, kikaenda kukaliwa juu ya majani. Kosa langu lilianzia hapo. Nilikijaribu dukani Mbeya mjini, nikakaa dakika moja, nikainuka, nikalipa. Jumamosi iliyofuata, jioni, uwandani Kitulo, mguu mmoja wa nyuma ukazama polepole kwenye udongo uliolowa, nami nikaenda nao, kikombe cha chai mkononi. Shemeji yangu alicheka mpaka akakohoa. Yeye alikuwa amekalia kreti la soda.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize kitasimama wapi. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, iko juu, mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, na wengi tunapanda kati ya Desemba na Aprili kufuata maua. Maua hayo yanaletwa na mvua, na mvua hiyohiyo ndiyo inayolainisha ardhi. Mguu wa bomba jembamba unaoishia kwenye kifuniko kidogo cha plastiki hutoboa udongo wa namna hiyo bila shida. Tafuta kiti ambacho miguu yake imeungwa kwa chini na bomba la mlalo, uzito ukasambaa, au chenye nyayo pana. Kama umeshanunua cha miguu minne myembamba, usikitupe: pita kwa seremala, okota vipande vinne vya ubao wa paini, ukubwa wa kiganja, uviweke chini ya miguu. Nyanda hizi hazijawahi kukosa vipande vya paini. Mchanga wa Matema, kando ya Ziwa Nyasa, unasumbua vilevile, ila huko kiti kifupi chenye bomba la mlalo kinatosha, maana utakuwa umenyoosha miguu.

Baridi ndiyo watu wanayoisahau kabisa. Dukani tunavutiwa na mfuko wa kuwekea kikombe na kamto ka shingo. Huku juu, Juni na Julai, sakitu, yaani umande ulioganda, huweza kulala kwenye majani mpaka jua lichomoze vizuri. Ukikaa kwenye kitambaa kilichoning'inia hewani, upepo unapita chini yako na joto la mwili linaondoka kwa makalio na mgongo, hata ukijifunika blanketi mbili kwa mbele. Dawa yake ni kulitandika blanketi moja kwenye kiti kwanza, ukalikalia, ndipo ujifunike la pili. Kiti cha wavu wavu kiache kwa safari ya hifadhi ya Ruaha, kule kwenye joto, ambako jasho ndilo tatizo. Cha sponji kinapendeza kikiwa kikavu, lakini kikinyeshewa mara moja utakikausha siku mbili, nami sikipendekezi kwa mtu wa msimu wa mvua.

Halafu chuma au alumini? Alumini, kwa ujazo uleule, ina uzito wa kama theluthi moja ya chuma, na haishiki kutu nyekundu. Ila wepesi huo una maana kama kiti utakibeba mgongoni, tuseme unapanda Mlima Rungwe kwa miguu. Ukienda na gari, mimi nasema chukua chuma cha kilo tatu au nne na usione haya. Barabara ya kutoka Chimala kupanda Matamba, ile ya kona hamsini na saba, inasugua vitu kwenye keria saa nzima. Bomba lenye kuta nyembamba hushika mbonyeo, na bomba la alumini likishapinda, ukijaribu kulinyoosha huweza kukatika. La chuma, fundi wa kuchomelea yeyote atalishughulikia.

Soma pia lebo ya uzito ambao kiti kinaweza kubeba: kilo 100, 120, 150. Usichukue kiti kinacholingana na kilo zako. Mtu aliyechoka hakai, hujitupa, na kujitupa kunaongeza mzigo. Jiachie nafasi ya kilo 30.

Kisha kigeuze juu chini. Hapa ndipo penye ukweli wa kiti, na muuzaji akikunja uso mwache akunje. Viungio vya plastiki ndivyo vinavyopasuka kwanza. Ribiti, ile pini iliyogongwa ikabaki humo, ikilegea inahitaji fundi, lakini boliti na nati utakaza mwenyewe kwa spana. Vuta kitambaa kwa nguvu pale kinaposhikana na bomba, hasa pembeni: mshono uwe umepitishwa mara mbili au zaidi, na usione mwanga kwenye matundu ya uzi.

Sasa kaa. Vaa koti lako zito hata kama dukani kuna joto, maana kiti kinachokutosha na shati kitakubana mbavu ukiwa na koti. Kaa robo saa, piga simu, ongea na mwenye duka. Ukisikia bomba la mbele linakata chini ya mapaja, litakukata vibaya zaidi saa tatu usiku. Nyayo zako zote mbili ziguse sakafu. Uinuke bila kujisukuma mara mbili. Kama unamnunulia mzee anayeumwa magoti, usawa wa kukalia uwe kama sentimita 45 na mikono ya kiti iwe migumu, si ya mkanda wa kitambaa. Mkanda haumwinui mtu.

Nailoni na polista hutobolewa na cheche moja tu, basi kiti kikae nyuma kidogo ya moto, upande upepo unakotokea. Ruaha usikiache nje usiku, fisi hutafuna chochote chenye harufu ya jasho, na asubuhi kikung'ute kabla ya kukaa kwa sababu ya nge. Ukirudi nyumbani, kitoe kwenye mfuko wake kikauke hata kama umechoka.

Kile changu cha kwanza nilimpa shemeji. Kiko barazani kwake, juu ya saruji, na hajawahi kukilalamikia.