Namna ya Kuchambua Uamuzi Mmoja wa Sera ya Mambo ya Nje

Mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa anayechagua mada kama "sera ya mambo ya nje ya Tanzania" hujitwika mzigo usiobebeka. Chagua uamuzi mmoja wenye tarehe. Mfano wangu ni wa tarehe 15 Desemba 1965, Tanzania ilipovunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza.

Kabla ya kugusa nadharia yoyote, panga matukio kwa tarehe zake. Tarehe 11 Novemba serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wa Rhodesia, koloni la Uingereza ambalo leo ni Zimbabwe, bila idhini ya Uingereza. Mwanzoni mwa Desemba mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wakikutana Addis Ababa, waliazimia kwamba wanachama wavunje uhusiano na Uingereza iwapo uasi huo haungekuwa umezimwa kufikia tarehe 15. Na tarehe 14 Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge kuhusu suala hilo. Jedwali hili hukuzuia kutaja kama sababu jambo lililotokea baadaye, kosa ambalo ni la kawaida kuliko tunavyopenda kukiri.

Kisha uliza uamuzi uligharimu nini. Tanzania ilikosa mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5, lakini haikujitoa katika Jumuiya ya Madola. Mambo hayo mawili yasomwe pamoja, kwa kuwa la kwanza linadhoofisha hoja kwamba nchi maskini hufuata fedha tu, na la pili linaonyesha kuwa hasira ilikuwa na mipaka iliyopimwa.

Hatua yenye manufaa zaidi, nayo ndiyo hurukwa mara nyingi, ni kutazama walioamua tofauti. Azimio lilikuwa moja, lakini wanachama wengi hawakulitekeleza. Zambia, iliyokuwa na uchungu uleule, haikuvunja uhusiano: reli yake ilipita Rhodesia, na umeme wa migodi yake ya shaba ulitoka bwawa la Kariba mpakani, ambako mitambo ilikuwa upande wa Rhodesia. Kenya nayo haikuvunja, ingawa haikubanwa na jiografia ya namna hiyo. Kwa hiyo jiografia pekee haitoshi, na hapo ndipo unapopata haki ya kumjadili kiongozi, chama na itikadi.

Kuhusu vyanzo, soma kumbukumbu rasmi za Bunge sambamba na majalada ya serikali ya Uingereza yaliyo katika hifadhi yake ya nyaraka ya taifa huko Kew, London. Majalada hayo ni mengi na yamepangwa vizuri, na hiyo ndiyo hatari yake: ukiyategemea peke yake utaiona Dar es Salaam kwa macho ya Uingereza.

Mwisho, pima jibu lako kwa mwaka 1968, Tanzania iliporejesha uhusiano huo huku Smith akiwa bado madarakani. Ikiwa maelezo yako ya 1965 hayawezi kueleza pia kurejea huko, rudi kwenye jedwali la tarehe.